Tangi Kwanza, Miche Baadaye

*Kikundi cha wazazi na majirani wa shule, Umoja, Nairobi*

Mama Baraka (mwenyekiti wa wazazi): Habari za jioni, wazazi na majirani wapendwa. Naleta kwenu jambo la bustani ya shule, ya mboga zitakazopandwa katika magunia 20, na ninaomba tulizungumze hapa hapa hadi tulimalize, kwa sababu mvua za vuli hazitatungoja. Mwaka jana tulichanga, tukanunua miche, tukapiga picha, na kufikia mwisho wa Januari mfereji wa shule ulikuwa umekaa wiki mbili bila tone la maji, na sukuma wiki zote zilikuwa zimebaki vijiti. Kosa lilikuwa letu sisi wanakamati, kwa kuwa tulitanguliza miche kabla ya maji. Safari hii tunaomba shilingi 78,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo, yaani 40,000, ni ya tangi la lita 5,000. Gata na mabomba ni 14,000, msingi wa saruji wa kukalisha tangi ni 12,000, udongo na samadi ni 9,000, na zile 3,000 zinazosalia ni za majembe madogo na ndoo.

Baba Wambui: Asante, Mama Baraka. Ninauliza kwa nia njema kabisa. Tuliambiwa tangu mwaka 2003 kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, lakini kila muhula mzazi anaombwa mchango wa jambo fulani. Watoto wetu sasa wanapata chakula cha mchana kwa shilingi 5 kupitia Dishi na County, mpango wa Kaunti ya Nairobi wa chakula shuleni. Mboga za bustani hii basi ni za nani, na kwa nini zisingoje hadi madawati yatoshe?

Mwalimu mlezi wa bustani: Swali lako ni la haki, Baba Wambui, na sitalikwepa. Magunia 20 hayawezi kulisha shule yenye mamia ya wanafunzi, na yeyote atakayewaambia hivyo atakuwa anawadanganya. Bustani hii ni ya mtoto ambaye darasani hawezi kutulia, na ya yule aliyetulia kupita kiasi. Uwanja wetu ni simiti na vumbi, nyumba za ghorofa zimetuzunguka pande zote, na wengi wa watoto hawa wanaishi katika chumba kimoja na jamaa watano au sita. Mtoto anapopewa gunia lake mwenyewe, akajua kwamba asipolimwagia maji asubuhi litanyauka, anapata mahali pa kupeleka mikono na mawazo yake kwa dakika 20 bila kupigiwa kelele na mtu. Hata hivyo, ningependa ieleweke kwamba bustani haichukui nafasi ya mwalimu wa ushauri nasaha. Mtoto aliye katika dhiki kubwa aletwe kwetu, na mzazi anaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo.

Shosho wa Imani: Wanangu, mimi si mwandishi, lakini hili nitalisema. Mjukuu wangu alipofiwa na mama yake, alikuwa akitoka shule anakaa kwenye ngazi za ploti, begi mgongoni, hadi giza liingie, na ukimsemesha anaitikia kwa kichwa tu. Mwalimu alimpa kazi ya kumwagia maji zile sukuma wiki za mwaka jana. Jioni moja nilikuwa nikichuma mboga zangu kwenye ndoo hapo barazani, akaja akanishika mkono, kucha zake zimejaa udongo, akasema: "Shosho, usianze na majani ya juu, utaua mche. Anza na ya chini, uache yale madogo ya katikati." Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake marefu ya kwanza tangu tumzike mama yake. Mimi nimelima tangu utotoni na jambo hilo ninalijua, lakini nilinyamaza nikamwacha anifundishe. Mboga zile zilipokauka mwezi wa Januari, alirudi kukaa kwenye ngazi. Nitatoa 300, na nitaleta mbegu za managu na terere.

Baba Wambui: Shosho, nimekusikia. Nitatoa 1,000, ila bado ninaomba hesabu iwe wazi.

Mweka hazina: Fedha zitaingia katika akaunti ya kamati inayohitaji saini tatu, na kila Ijumaa jioni nitaweka taarifa ya akaunti hapa. Bodi ya Usimamizi ya shule imekwisha kuidhinisha mradi huu kwa maandishi. Kuhusu orodha ya waliochanga, nitaianza usiku huu, nianze na majina ya waliokwisha kutoa.

Mama Zawadi: Ndugu mweka hazina, tafadhali usiweke majina. Tunazijua orodha hizi za vikundi: jina lisilokuwepo ndilo linalotazamwa zaidi. Mwaka fulani, katika shule nyingine, binti yangu alisimamishwa mbele ya wenzake kwa sababu ya mchango ambao sikuwa nao, na hadi leo hajalisahau. Haifai tujenge mahali pa kuwatuliza watoto kisha tukawatia aibu kwa mlango wa nyuma. Weka jumla tu, na tukubaliane hapa kwamba hakuna mtoto atakayenyimwa gunia kwa sababu mzazi wake hakutoa.

Mama Baraka: Ninaunga mkono kwa moyo wote, na nitaomba liandikwe kwenye kumbukumbu za kamati.

Mweka hazina: Imekubaliwa. Jumla hadi sasa ni shilingi 31,500.

Fundi jirani: Mimi sina mtoto hapo shuleni, lakini ukuta wetu ni mmoja. Gata nitazifunga bila malipo ya kazi. Ninyi nunueni vifaa. Msihofu kwamba tangi halitajaa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la madarasa ya upande wa lango lina takriban mita 100 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita 10 italeta karibu lita 1,000, ukiondoa kidogo kinachopotea. Mvua tano za namna hiyo zitalijaza. Yale maji ya kwanza yanayoosha vumbi la paa tutayamwaga nje.

Mwalimu mlezi wa bustani: Mungu akubariki, Fundi. Kuhusu udongo, tusipande moja kwa moja ardhini, kwa maana huu wetu mweusi hunata kama gundi wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Tutatumia udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa samadi mbichi huunguza miche. Katikati ya gunia tunasimamisha kopo lililotolewa kitako, tunalijaza kokoto, tunazungushia udongo, kisha tunalivuta juu kidogo kidogo kadiri gunia linavyojaa. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini, la sivyo miche ya juu hunywa yote na ile ya ubavuni hufa. Nina shaka moja tu: shule itakapofungwa kwa likizo ndefu ya Novemba na Desemba, nani atamwagia maji siku ambazo mvua haitanyesha?

Shosho wa Imani: Mimi na mjukuu wangu tutachukua Jumatatu na Alhamisi. Mlinzi atuachie funguo ya lango dogo.

Mama Zawadi: Jumamosi ni yangu. Sina cha kutoa mwezi huu, lakini ninauza viazi, na magunia matupu ninayo 14 yaliyo mazima.

Baba Wambui: Nitabeba magunia hayo kwa mkokoteni wangu Jumamosi asubuhi, na sita yaliyosalia nitayatafuta sokoni Marikiti.

Fundi jirani: Basi Jumamosi saa tatu nitakuja na ngazi kupima paa. Naomba yale madawati mabovu yaliyorundikwa chini ya ukuta yaondolewe mapema, kwa sababu hapo ndipo tangi litakapokaa.