Peugeot 504 wagoni ya milango miwili, naichora kwenye picha lakini haikai sawa

MzeeWaLeya

Wakuu heshima kwenu. Mimi ni mpenzi wa magari ya zamani ila mfuko hauruhusu, kwa hiyo starehe yangu ni kuyachezea kwenye kompyuta, nachukua picha ya gari nalibadilisha bodi naangalia lingekuwaje kama kiwanda kingeamua vingine. Sasa hivi nina picha ya 504 saluni (ile ya milango minne yenye buti) rangi ya maziwa, jamaa mmoja hapa Tanga anayo na bado inatembea vizuri tu, nimeipiga ubavu kabisa. Nataka iwe wagoni ya milango miwili, ile ya kimichezo yenye mgongo unaoteremka, siyo ile tuliyoizoea ya abiria saba na mbuzi juu ya keria.

Nilichofanya nimechukua mkia wa 504 wagoni kutoka picha nyingine nikaubandika nyuma ya saluni, nikafuta mlango wa nyuma, nikanyoosha paa, nikalinganisha rangi. Kiungo hakionekani hata ukivuta picha. Lakini kila ninayemwonyesha anauliza hilo gari la maiti ni la hospitali gani. Hata mimi nikiliangalia jicho linakataa ila siwezi kuonyesha kidole ni wapi.

Natumia Photopea kwenye brauza maana laptop yangu haibebi Photoshop. Shida ni programu au kuna kitu sikioni? Na kwa wanaojua historia, hivi Peugeot wenyewe waliwahi kuwaza kitu cha namna hii?

fundi_rula

Programu iache, Photopea ina leya (matabaka ya picha), ina maski ya kuficha sehemu, ina kalamu ya kukatia, na mafaili ya Photoshop inafungua, kwa kazi hii inatosha na inabaki. Shida yako ni vipimo mkuu. 504 saluni, kutoka katikati ya tairi la mbele mpaka katikati ya tairi la nyuma ni milimita 2740. Wagoni ni 2900. Yaani umechukua mkia wa gari lenye hatua ndefu zaidi kwa sentimita 16 ukaufunga kwenye pua ya gari fupi, halafu ukaondoa mlango mmoja, lazima pale katikati kubaki uwanja wa bati mtupu usio na maana yoyote. Hapo ndipo watu wanapoona gari la maiti.

Na sasa sikia hii, 504 Coupé, ile ya kimichezo ya milango miwili, ni milimita 2550 tu. Pininfarina, wabunifu wa bodi wa Italia, walipoitengeneza hawakuziba mlango wa nyuma wa saluni wakaenda kulala, walifupisha sakafu kwa sentimita 19 na paa wakalishusha kama sentimita 10 hivi. Hiyo ndiyo sababu Coupé inaonekana imekaa chini tayari kuondoka hata ikiwa imezimwa.

Kwenye picha huna futi lakini una tairi. Saluni ilitoka na tairi za 175 za inchi 14, kipenyo chake ni kama sentimita 63 na nusu. Nakili duara la tairi kwenye leya yake, lipange mfululizo kutoka kitovu cha tairi la mbele kwenda nyuma. Saluni itakula manne na robo na kidogo. Coupé inakula manne kamili. Kwa hiyo kabla hujagusa paa, kata picha pale nyuma ya mlango wa mbele, sogeza kipande chote cha nyuma kuja mbele mpaka vitovu viwe mbali kwa matairi manne, halafu ndiyo uanze kuchora. Utashangaa gari limebadilika sura na bado hujachora kitu.

Swali moja, hiyo picha umepiga na simu ukiwa umbali gani?

MzeeWaLeya

Karibu tu mkuu, barabara ni nyembamba nikasimama ukutani. Kama hatua nne hivi.

fundi_rula

Basi rudi ukapige tena. Lenzi ya simu ni pana, ukiwa karibu katikati ya gari inavimba na ncha zinakimbia nyuma, na mkia wowote utakaobandika umepigwa kutoka mbali hautalingana hata ufanye nini. Mwombe mwenye gari alisogeze uwanjani, rudi nyuma hatua 20 kama nafasi ipo, vuta kwa zumu, simu iwe usawa wa kitasa cha mlango. Asubuhi au jioni, jua la saa sita linaua mistari ya bodi.

SwalehKlasiki

Mzee kuhusu historia hujabuni peke yako, pole na hongera. Mwaka 1971 Pininfarina walitengeneza kitu kinaitwa Peugeot 504 Riviera, na ni hicho hicho unachokiota, wagoni ya milango miwili iliyojengwa juu ya Coupé. Haikuingia sokoni, ilibaki gari la maonyesho. Itafute uiangalie ila usiinakili, angalia tu kioo cha pembeni kimekwenda mpaka wapi na paa limeanza kushuka wapi.

Ukitaka mfano ulioingia barabarani kweli angalia Volvo 1800ES ya 1972 na 1973. Hao walikuwa na kupe yao tayari (siyo yule mdudu wa ng'ombe jamani), wakaacha pua na milango kama vilivyo, wakavuta paa kwenda nyuma na mlango wa buti wakaufanya kioo kitupu. Ni kazi ile ile ya kukata na kubandika, ila wao walifanya na bati. Na usijali kuhusu maneno ya gari la maiti maana Wajerumani hiyo Volvo waliipa jina la utani jeneza la Snow White, yule binti wa hadithi aliyelazwa kwenye jeneza la kioo, na leo watu wanaitafuta kwa tochi. Reliant Scimitar GTE ya Uingereza ilitangulia mwaka 1968 kwa wazo hilo hilo.

Ushauri wangu mimi anza na picha ya Coupé uachane na saluni kabisa.

MzeeWaLeya

Swaleh nimekuelewa ila Coupé sitaki, pua yake ni tofauti na ninachokipenda mimi ni ile sura ya saluni, zile taa za mbele zilizokatwa kama macho ya mtu mwenye usingizi. Nataka sura ya saluni, mwili wa Coupé, mgongo wa wagoni.

SwalehKlasiki

Haya basi hapo umenishinda, na kwa kweli ni wazo zuri kuliko langu.

PanelBita_Nax

Wasee mimi ni fundi bodi Nakuru, kompyuta si line yangu lakini 504 nimezikata sana maana huku zilikuwa zimejaa, wagoni na pikapu ndio zilikuwa zinabeba watu wote kwenda reserve, yaani mashambani. Wacha niwaambie vile bati inataka, kwa sababu picha ikienda against bati mtu yeyote ameshika gari atajua ni uongo.

Kwanza hiyo gari haina chesisi ya pembeni, bodi yenyewe ndiyo chesisi. Nguzo ya katikati, ile mlango wa mbele unafungia na wa nyuma unabebwa, inashikilia paa. Huwezi kuifuta tu. Unaisogeza nyuma, na mlango wa mbele unarefuka unaifuata. Hapo ndio naona wengi mnaharibu, mnafuta mlango wa nyuma mnaacha wa mbele na urefu wake ule ule wa saluni, sasa abiria wa nyuma ataingia wapi, kwa dirisha? Refusha mlango. Tena kitasa kisogee nacho kiende mwisho wa mlango, usikiache katikati kama kitovu.

Pili ule mstari wa mlango kwa nyuma usiuchore wima kama mlango wa choo. Kwa Coupé umelala kidogo. Tatu kama upande huo kuna kifuniko cha mafuta kiache mahali kiko ama ukisogeze, usikifute, gari itakunywa wapi. Nne taa za nyuma. Saluni imeshuka buti kwa ile mkunjo yake na taa zake zimekatwa kufuata mkunjo, ukiweka mgongo wa wagoni hazitashika. Chukua za Coupé za kwanza, zile mistari mitatu iliyolala kila upande, hizo zinakaa kwa bati nyembamba.

kijana_wa_AI

Mnajitesa bure, siku hizi unaandika tu sentensi moja "504 wagoni milango miwili" unapata picha kumi kabla maji hayajachemka. Hii ya kalamu na leya ni mambo ya kale.

Neema_Rangi

Nimejaribu njia hiyo na 504 kabla hujashauri kaka. Nilipata gari zuri sana lenye taa za gari lingine, simba wa Peugeot amekuwa kitu kama paka mwenye homa, na rimu za mbele na nyuma hazifanani. Na kila ukiomba arekebishe kitu kimoja anabadilisha na vitano ulivyovipenda. Mzee anataka gari LILE la Tanga, na mkwaruzo wake. Mimi natumia AI kwa kazi moja, nikishasogeza mkia mbele ukuta wa nyuma ya gari unabaki na tundu, hapo namwachia ajaze ukuta na majani. Bodi simpi.

Mzee nakuongezea upande wa mwanga maana wenzangu wamemaliza vipimo. Ubavu wa gari ni kioo, nusu ya juu inaonyesha anga na nusu ya chini inaonyesha ardhi, na kati yao kuna mstari wa mwanga unaotembea begani, chini ya madirisha, kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Ukisogeza vipande mstari ule unakatika au unaruka ngazi, na hata rangi ikilingana jicho linashtuka. Kwa hiyo usijaze bati jipya kwa rangi moja. Fungua leya mpya, chora bega zima upya kwa kalamu, jaza kwa rangi inayofifia kutoka juu kwenda chini, halafu kwa stempu ya kunakili rudishia uchafu na madoa kutoka kwenye bati halisi.

Kivuli cha chini nacho. Gari limefupishwa sentimita 19, kivuli umekiacha kirefu kama zamani? Kitengeneze upya kwenye leya ya maltiplai (inayotia giza kilicho chini yake), kizito kabisa pale tairi linapogusa ardhi, chepesi katikati. Vioo vya mkia ulioubandika viangalie jua linatoka wapi, kama kwenye saluni jua liko kulia na kioo kinang'aa kushoto umeumbuka. Mwisho kabisa kipande ulichobandika huwa kikali kuliko picha yenyewe, kififishe kidogo, nusu pikseli au moja, halafu tia chengachenga juu ya picha nzima ili zote zifanane.

kijana_wa_AI

Sawa dada, la paka mwenye homa nakubali, nimeliona na mimi 😂

Bwana_Datsun

Mimi nina pingamizi kidogo. Mnamfunga mtu kwa milimita na nguzo wakati raha ya kazi hii ni kwamba bati haliko. Kama anataka matairi ya inchi 18 na paa la kioo aweke, nani kamkataza, hakuna trafiki kwenye Photopea.

PanelBita_Nax

Aweke akitaka. Lakini 504 na inchi 18 ni kuitukana. Springi zake laini ndefu ndio zilifanya ipande mawe kama haioni, umeijazia rimu umeacha raba nyembamba kama chapati, itapanda nini? Ukitaka kuivalisha ivalishe ya mbio za Safari Rally. Ove Andersson alishinda 1975 na saluni, Jean-Pierre Nicolas akashinda 1978 na Coupé ya V6. Taa nne kubwa mbele, kinga ya chuma, madigadi ya raba yanayoburuta, tairi ya spea mbili ndani zinaonekana kwa kioo cha nyuma. Hiyo wagoni ya milango miwili na nguo ya Safari, mimi ningeiprint niweke garage.

Bwana_Datsun

Hiyo ya spea mbili kuonekana kwenye kioo imenimaliza. Mzee fanya hiyo, inchi 18 nimeondoa.

MzeeWaLeya

Nimerudi wakuu. Nimefuata tairi kama rula kwenye picha ile ile ya zamani kwa majaribio tu, nimevuta mkia mbele mpaka manne kamili, nimeshusha paa, mlango nimeurefusha na kitasa kimehamia mwisho. Mke wangu kapita nyuma yangu kauliza gari la nani. Hajataja hospitali. Bado bega limekatika pale Neema aliposema, na lile paa sijui liishie wapi, nikilivuta mpaka juu ya bampa linakuwa zito, nikilikata mapema linakuwa kama Coupé iliyovaa kofia.

fundi_rula

Paa lianze kushuka juu ya kiti cha nyuma, siyo juu ya mlango, na liende bila kukunja mpaka ncha yake ya chini ikutane na bega nyuma kidogo ya kitovu cha tairi la nyuma, kama nusu ya tairi hivi. Kioo cha pembeni kiwe kimoja kirefu kinachopungua kimo kwenda nyuma. Usitie nguzo nyingine hapo, kila nguzo unayoongeza inarudisha ile wagoni ya abiria. Fanya hivyo kwenye picha mpya, hiyo ya ukutani usiipotezee muda tena.

Neema_Rangi

Na ukienda kwa huyo jamaa piga na ya robo tatu nyuma, watu watakuomba hiyo tu. Ila hapo rula ya matairi haifanyi kazi sawasawa maana la nyuma linakuwa kubwa kuliko la mbele, utalazimika kuchora kwanza mistari ya kina, ile inayokutana mbali. Ukifika huko fungua swali jipya, hii imeshakuwa ndefu.

PanelBita_Nax

Na umpelekee mwenye gari printi moja. Wazee wa 504 wanapenda sana, halafu akipenda atakuachia ufungue boneti.