Naomba ushauri: makro ya Excel ichague yenyewe printa sahihi ya mtandao

Ndugu wataalamu, nina makro ya Excel (programu ndogo inayofanya kazi yenyewe ndani ya Excel) inayopaswa kuchapisha lebo kwenye printa moja na ripoti kwenye nyingine, zote mbili zikiwa za mtandao. Tatizo ni kwamba Application.ActivePrinter (sehemu ya msimbo inayotaja printa ya kutumia) haitosheki na jina la printa peke yake, bali hudai pia poti, yaani njia ambayo Windows huifikia printa, kwa mfano "Ne03:", na namba hiyo hutofautiana kati ya kompyuta moja na nyingine, hivyo makro inayofanya kazi vizuri kwangu humpa mwenzangu kosa namba 1004.

Nimejaribu kitanzi (msimbo unaojirudia) cha kupitia Ne00 hadi Ne99 huku nikipuuza makosa mpaka printa ikubali. Kinafanya kazi, lakini ni kizito, na kupuuza makosa namna hiyo kunanitia wasiwasi kwa sababu kosa la kweli linaweza kupita bila kuonekana. Nimeona pia kwamba Windows huhifadhi poti ya kila printa kwenye rejista ya mtumiaji (hifadhi ya mipangilio ya Windows), chini ya ufunguo wa Devices. Je, kusoma humo moja kwa moja ndiyo njia ya kuaminika zaidi? Na nitairudishaje printa ya awali hata makro ikikatika katikati?