Nimeuziwa "albamu zote 15 za R.E.M." hapa Arusha, kufungua flashi ni takataka tupu

Wakuu, salamu kwanza, ingawa leo sina hata hamu ya kusalimiana.

Mimi ni dereva wa watalii, mwaka wa kumi na moja huu niko barabarani. Anayejiandaa kuniambia "si usikilize mtandaoni" huyo hajawahi kulala porini gari limegoma na simu haina hata mnara mmoja. Ukishapita geti la Ngorongoro, mtandao ni wa kubahatisha. Muziki wangu unakaa kwenye flashi, na flashi inakaa kwenye redio ya gari.

Ijumaa nimeshuka mjini, nikaingia kwa jamaa mmoja wa kuingiza nyimbo maeneo ya stendi. Jina nalihifadhi, mwenyewe anajijua. Nikamwambia nataka R.E.M., ile bendi ya roki ya Athens, Georgia, Marekani. Albamu zote za studio, kuanzia Murmur ya 1983 hadi Collapse into Now ya 2011, mwaka ule ule waliovunja bendi. Nikamwandikia zote 15 kwenye karatasi kwa mkono wangu, na mwaka pembeni. Akaisoma kama nesi anavyosoma kadi ya kliniki, akasema, "Braza, hiyo kazi ndogo. Kesho saa nane mchana njoo uchukue." Elfu thelathini pamoja na flashi ya giga 64. Nikatoa taslimu bila kuomba punguzo. Kosa langu la kwanza hilo.

Jumamosi nikaichukua, nikajaribu folda moja, Out of Time, wimbo wa kwanza. Ukaimba vizuri. Nikaondoka nikipiga mluzi. Kosa la pili.

Jumapili nina wageni, mzee na mkewe, Wamarekani wa miaka sitini hivi. Tunaelekea Makuyuni, mama anaanza kusimulia muziki wa ujana wake, anasema R.E.M. walikuwa wanawasikia kwenye redio za wanafunzi chuoni kabla dunia haijawajua. Mimi huyo, kichwa kikavimba. Nikamwambia, "Mama, usijali, ninazo zote. Chagua." Akachagua Murmur.

Nafungua folda ya Murmur, kinacholia ni "Man on the Moon". Wakuu, wimbo wa 1992! Mama akatabasamu kwa adabu, ile adabu inayouma kuliko tusi. Nikaruka Reckoning ya 1984: "Man on the Moon". Nikaruka Fables of the Reconstruction: "Man on the Moon". Mzee akauliza kwa upole kama redio imekwama. Kuanzia hapo hadi Mto wa Mbu tulisikiliza upepo.

Usiku pale Karatu nikaazima kompyuta, nikaikagua flashi yote. Folda tisa kati ya 15 ni kitu kimoja: mkusanyiko wao wa In Time wa 2003, nyimbo 18 zile zile, umenakiliwa mara tisa na kila nakala imebandikwa picha ya jalada tofauti. Jamaa ametafuta picha kwa bidii, tena picha nzuri. Bidii hiyo angeiweka kwenye nyimbo nisingekuwa hapa. Ila In Time inaanzia 1988, walipohamia kampuni ya muziki ya Warner Bros. Yaani walichorekodi wakiwa I.R.S., kampuni waliyokuwa nayo kabla ya hapo, albamu tano nzima, Murmur mpaka Document ya 1987, hakimo. Na ndipo penye mizizi ya bendi: gitaa la Peter Buck linalokwanyua nyuzi mojamoja badala ya kuzipiga kwa pamoja, sauti ya Mike Mills inayoitikia kwa nyuma, na mwimbaji Michael Stipe anayemung'unya maneno hadi Wamarekani wenyewe wakawa wanabishana kasema nini. R.E.M. bila miaka ya I.R.S. ni mtori usio na ndizi.

Out of Time ina nyimbo 11. Kwenye flashi zimo kumi. Nikatafuta huo mmoja, na hapa naomba mkae chini. "Losing My Religion" nimeukuta kwenye folda ambayo hata sikuiagiza, imeandikwa INJILI MIX, katikati ya kwaya mbili za pambio. Ameona neno "religion" akahukumu. Jamani, huo ni msemo wa watu wa kusini mwa Marekani, maana yake mtu kaishiwa uvumilivu, yuko karibu kupasuka. Wimbo wenyewe ni wa mtu aliyependa akaumia, na umejengwa juu ya mandolini, chombo ambacho Buck ndiyo kwanza alikuwa anajifunza. Nilivyoukuta pale nikauelewa kuliko siku zote.

Automatic for the People zipo zote 12, nashukuru, ila amefuta namba za nyimbo. Redio ya gari inapanga kwa alfabeti. Sasa albamu hii ni kama ibada ya msiba, ina utaratibu wake. Mwishoni inakuja "Nightswimming", kinanda cha Mills na vyombo vya nyuzi alivyovipanga John Paul Jones, yule wa bendi ya Led Zeppelin, halafu "Find the River" inafunga. Kwa huyu bwana "Find the River" ni wimbo wa tatu, na baada yake inaingia "Ignoreland" na hasira zake za siasa. Ni kama padri amemaliza kubariki kaburi, watu wakaanza kampeni palepale.

Monster, katikati ya "What's the Frequency, Kenneth?", kuna mtu anapaza sauti kutaja tovuti yake. Sina la kuongeza. Green iko salama, sijui alisahauje kuiharibu.

Folda mbili ni tupu kabisa. Moja Up ya 1998. Nyingine, na hii ndiyo simsamehe, New Adventures in Hi-Fi ya 1996. Sehemu kubwa waliirekodi njiani wakiwa kwenye ziara ya 1995, majukwaani na kwenye majaribio ya vyombo kabla ya shoo. Ndiyo ziara ambayo mpiga ngoma Bill Berry alianguka jukwaani Lausanne, Uswisi, mshipa wa ubongo umepasuka. Akapona, akamaliza nao albamu hii, 1997 akaacha bendi akaenda kulima. Hiyo ni albamu ya dereva, wakuu! Imetengenezwa barabarani, inataka barabara. Around the Sun hata angeisahau ningemwambia asante.

Jumatano nimemrudia. Jibu lake: "Kaka, si zinaimba? Bendi si hiyo hiyo? Mbona wateja wa Bongo Fleva hawana maneno hivi?" Akanipa ofa ya kunijazia singeli bure.

Ndiyo, najua, kuna atakayesema nakala zenyewe ni za magendo na wenye kazi hawapati hata senti. Nimeshajisema mwenyewe tangu Karatu, huna haja ya kunirudia.

Ninachotaka ni elfu ishirini yangu, flashi nabaki nayo. Na Alhamisi nashusha wageni Marangu, kwa hiyo jioni nitakuwa Moshi mjini. Mwenye CD halisi ya Murmur, Reckoning au New Adventures anitumie ujumbe, nanunua, siazimi. Nitakuja na redio yangu, tutasikiliza nyimbo zote kabla sijatoa hela.

Na wewe fundi, najua humu unaingia: ile karatasi yangu nirudishie.