Picha za AI zinazojifanya filamu bubu: zipigwe alama au ziachwe?

Wadau, hili tulijadili. Siku hizi ukiiomba programu ya AI ikupe picha ya filamu bubu ya Paris ya mwaka 1902, hata chai haijapoa unayo: mwezi wenye uso, wazee wa ndevu na kofia ndefu, mikwaruzo juu mpaka chini. Wanaozitetea wanasema hakuna kosa hapo, maana hata Georges Méliès, Mfaransa aliyetengeneza filamu enzi hizo, alikuwa mtu wa mazingaombwe, na riziki yake ilikuwa kudanganya macho.

Nakubali nusu. Waliomfuata Méliès walilipa kiingilio wakijua wanakwenda kutazama kiinimacho. Anayerushiwa picha WhatsApp, chini imeandikwa "1902", ameambiwa nini?

Halafu hebu itazameni hiyo mikwaruzo. Filamu haikutoka maabara nayo. Ililetwa na projekta na miaka. AI inaiga uchakavu, kisha tunauita mtindo. Mtindo wenyewe ulikuwa kwingine kabisa. Utepe wa filamu wa wakati ule haukuhisi wekundu, kwa hiyo mdomo uliopakwa rangi nyekundu ulitoka mweusi, na anga la bluu likatoka jeupe. Ndiyo maana katika studio ya vioo ya Méliès, kule Montreuil, karibu na Paris, mandhari ya nyuma yalichorwa kwa kijivu kitupu. Na anayedhani filamu zote zilikuwa nyeusi na nyeupe amepotoshwa: baadhi ya nakala zilipakwa rangi kwa mkono, fremu moja baada ya nyingine, na wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier, kila mmoja na rangi yake. Kazi ya macho hiyo, jamani!

Mwaka 1923 Méliès alichoma negativu zake mwenyewe, yaani tepe za asili za kutolea nakala. Alitengeneza filamu zaidi ya 500, na nyingi hazijapatikana mpaka leo. Pengo hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana picha bandia itaingia humo bila kizuizi. Nakala halisi ya kuiumbua haipo.

Kwa hiyo nasema watu watengeneze watakavyo, ila alama ya kuonyesha ni kazi ya AI iwe ndani ya picha yenyewe, si kwenye maelezo yanayopotea ikifowadiwa mara ya pili. Mnaotetea uhuru wa msanii, alama ndogo pembeni inawapunguzia nini? Na mnaosema alama hukatwa kirahisi, mnapendekeza nini badala yake?