Je, watahiniwa wa SAT wana haki ya kujadili majibu ya ufahamu na msamiati?

Hoja iliyo mbele yetu ni kama mtahiniwa wa SAT, mtihani wa kuombea nafasi ya chuo nchini Marekani, akishatoka katika chumba cha mtihani, ana haki ya kukaa na wenzake wakabishana kuhusu majibu ya ufahamu na msamiati, ilhali College Board, shirika lenye mtihani huo, limekataza maswali yake kusambazwa au kujadiliwa. Wanaounga mkono katazo hilo wanasema kwamba maswali huweza kurudiwa katika vikao vingine, na kwa hiyo anayeyataja anampa faida ambaye bado hajafanya. Mimi nasimama upande wa wanafunzi.

Tuyatazame kwanza mambo wanayobishania. Katika swali la ufahamu, machaguo mawili kati ya manne huondolewa upesi, yakabaki mawili ambayo yote yana sura ya ukweli, na mtahiniwa hutakiwa kuchagua lililo bora zaidi. Mmoja atasema mwandishi ana mashaka na nadharia anayoieleza. Mwenzake atasema anaipinga kabisa. Ndipo mtu anapokumbuka kwamba kifungu kilisema "huenda", kwa hiyo chaguo lenye neno "daima" haliwezi kusimama. Kijana anayetoa hoja ya namna hiyo anafanya kazi ileile ambayo mtihani unadai kuipima, yaani kurejea matini na kuipima kauli kwa ushahidi wake, na anaifanya bila kulazimishwa na mwalimu. Siwezi kuuita huo udanganyifu.

Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Watungaji wa mitihani hukosea, na mara nyingi wanaogundua kosa ni waliotahiniwa. Mwaka 1979 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwataka wenye mitihani ya kuingia vyuoni wayaweke wazi maswali na majibu baada ya matokeo kutoka. Muda mfupi baadaye, mwaka 1981, mwanafunzi mmoja wa Florida alionyesha kwamba jibu rasmi la swali la piramidi katika PSAT, mtihani wa utangulizi wa SAT, halikuwa sahihi, na alama za wanafunzi wapatao 240,000 zikapandishwa. Hilo lilikuwa swali la hisabati, ambako anayedai haki yake anaweza kuliunda umbo kwa karatasi na kumaliza ubishi. Katika ufahamu hakuna umbo la kuunda. Kuna kifungu, kuna maneno yake, na kuna hoja za waliokisoma. Ukiwanyima wasomaji kifungu na ukawanyamazisha, mtahiniwa aliyeonewa hana tena mahali pa kushika.

Mwaka 2012, katika mtihani wa kusoma wa darasa la nane huko New York, kulikuwa na hadithi ya nanasi lililoshindana mbio na sungura, kisha wanyama wakalila. Watoto waliulizwa kwa nini wanyama walilila nanasi hilo, na ni mnyama yupi aliyekuwa na hekima kuliko wote. Walipotoka nje walisimuliana, malalamiko yakayafikia magazeti, na mkuu wa elimu wa jimbo akaamua kwamba maswali yale yasihesabiwe. Wangenyamaza, yangehesabiwa. Miaka michache baadaye mshairi Sara Holbrook alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe alishindwa kujibu baadhi ya maswali yaliyotungwa kuhusu mashairi yake katika mtihani wa jimbo la Texas. Kama mtunzi wa matini anatatanishwa, basi kuwaita watoto wanaobishana wavunja sheria ni kuwaonea.

Upande wa msamiati nao una ushahidi wake. Lile swali maarufu la SAT lililotegemea neno "regatta", yaani mashindano ya mashua, lilikosolewa kwa miaka mingi kwa sababu mtoto aliyekulia mbali na michezo ya matajiri hakuwa na njia ya kulijua. Maswali ya ulinganishi wa maneno yaliondolewa mwaka 2005, na yale ya kujaza sentensi kwa maneno adimu yakafuata mwaka 2016. Ukosoaji wa aina hiyo hauwezekani pale ambapo maswali hayaonekani.

Nakubali kwamba anayefanya mtihani kesho hastahili kupewa majibu leo. Dawa yake ni kusubiri kikao kiishe kwa wote, kisha maswali yafunguliwe. Jambo hilo liliwezekana, kwani enzi ya karatasi College Board ilikuwa na huduma ya kumrudishia mtahiniwa maswali na majibu ya baadhi ya vikao. Tangu mtihani uhamie kwenye kompyuta, nchini Marekani mwaka 2024, huduma hiyo haipo, na nusu ya pili ya kila sehemu ya mtihani hubadilika kulingana na mtahiniwa alivyojibu nusu ya kwanza, kiasi kwamba wawili waliokaa dawati moja huenda wasikutane na maswali yaleyale. Nafasi ya kubishana inazidi kufinyika bila mtu yeyote kuijadili.

Kwa hiyo nawaomba wanaotetea katazo wajibu jambo moja: kosa likiwa ndani ya swali la ufahamu, na watahiniwa wamekatazwa kulitaja, ni nani mwingine atakayeligundua, na kwa njia gani?