Kinanda cha Uyole: kikundi cha ukoo

*Jumapili*

[14:06] Shangazi Sekela: Shikamoo Baba. Wengine hamjambo. Naomba msome mpaka mwisho. Jana walikuja watoto wanne, wawili hawajagusa kinanda tangu Jumamosi ile nyingine. Mimi nakaa nao saa moja tu kwa wiki. Kinachomfundisha mtoto ni zile dakika 15 za kila siku nyumbani.

[14:09] Shangazi Sekela: Na saa mbili za kulipia deni Ijumaa usiku hazisaidii. Vidole vinasahau.

[14:31] Shangazi Sekela: Naona tiki za bluu, sioni majibu.

[14:40] Ipyana: Shangazi baridi hii ya Julai vidole vimeganda hata kwenye simu 😂

[14:41] Shangazi Sekela: Wanawe kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Inasaidia kweli.

[15:02] Mama Atu: Wifi, Atu anakaa vizuri, akikosea anarudi mwanzo. Mwanzo ule ule mara kumi, mwishowe analia. Nikamwahidi soda, ilisaidia siku mbili.

[15:05] Shangazi Sekela: Asirudi mwanzo!! Achukue pale anapojikwaa tu, mkono wa kulia peke yake, polepole, hata kama haufanani na wimbo. Ukikaa sawa mara tatu ndipo aunganishe na cha nyuma yake. Anajikwaa wapi?

[15:11] Mama Atu: Do re mi fa. Gumba analipitisha chini ya kidole cha kati kama ulivyomwonyesha, anabonyeza fa, kimya. Anadhani amekosea yeye.

[15:12] Mama Atu: Fa hailii tangu ile harusi ya Iyunga.

[15:20] Lusajo: Tumeanza tena.

[15:21] Mama Atu: Sijataja mtu, shemeji.

[15:22] Lusajo: Kilirudi kizima. Nilikipakata mwenyewe kwenye bajaji.

[15:23] Ipyana: Na mvua ikakipakata pia 😂😂

[15:30] Shangazi Sekela: Harusi tuiache. Fundi wa Mwanjelwa anasema kile kiraba chini ya kitufe kimeshika uchafu na unyevu. Kufungua na kusafisha ni 20,000. Nani anatoa?

[16:44] Ipyana: Mechi saa ngapi leo?

[16:45] Lusajo: Saa moja.

[18:20] Shangazi Sekela: Jamani.

[18:47] Babu: Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Mimi Rungwe nilijifunza kinanda cha kukanyaga. Hakukuwa na soda wala kiboko. Mama alikuwa anachambua maharage pembeni, nikinyamaza anauliza mbona umeacha. Mtoto huyo anapiga peke yake chumbani, hana wa kumsikiliza. Kileteni kwangu. Lusajo utakitengeneza wewe.

[18:49] Lusajo: Sawa Baba.

[19:10] Mama Atu: Ndaga fijo Baba 🙏

[19:12] Shangazi Sekela: Asante Baba. Basi kitoke kwa fundi Jumatano, Atu aende kwa Babu saa kumi na moja jioni. Wengine nitajieni siku zenu. Umeme ukikatika kinatumia betri sita.

[19:15] Ipyana: Betri nne ziko kwenye redio ya Babu

[19:16] Babu: Redio haiguswi.

[20:03] Shangazi Sekela: Lusajo, hela ya fundi unatuma leo au kesho?

[21:58] Baba Gwamaka: Samahani nimeona sasa hivi. Huyu wangu anagoma, anasema piano ya kweli ina vitufe 88, hicho kina 61. Nimwambieje? Na Jumatano ndiyo ipi, hii au ijayo?