Naombeni ushauri: naweza kuchomeka kibodi au mausi kwenye kalkuleta ya grafu (TI-84 Plus)?

Mwl_Hesabu_Dom
Wakuu habari za jioni. Mi ni mwalimu wa hesabu, nafundisha kidato cha tano na sita huku Dodoma. Nina mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) ana kichwa kizuri sana ila vidole vyake vya mkono wa kulia vina shida tangu utotoni, hawezi kubonyeza kitufe kidogo bila kugusa na cha jirani. Kwa kalamu anaandika taratibu ila anafika, balaa ni kalkuleta, anataka sin inaingia cos, anafuta, anaanza upya, wenzie wameshahamia swali lingine, na mtoto anaijua hesabu kuliko hata hao waliomtangulia, inaniuma kwakweli.

Sasa kuna ndugu yangu karudi toka Marekani kaniletea TI-84 Plus, ile ya kuchora grafu, nikaona pale juu ina tundu dogo la USB. Nikawaza kama tundu lipo basi kibodi kubwa ya kompyuta inaweza kuchomekwa, au hata mausi, dogo afanye kazi kama wenzie. Adapta ya OTG ya simu niliyonayo, ile ya kuchomekea flashi au mausi kwenye simu, haiingii kabisa. Wenye ujuzi naombeni mnisaidie, inawezekana au najisumbua? Natanguliza shukrani.

Fundi wa Majengo
Mwalimu hongera kwa moyo huo. Haiingii kwasababu hiyo ni mini USB na adapta yako itakuwa ya micro, usilazimishe utavunja tundu na hilo tundu kulibadilisha ni kazi ya kuchomelea kwa risasi vitu vidogo vidogo sio kila fundi anaiweza.

Ila hata ukipata waya wa mini wa kawaida, ule wa kamera za zamani, bado hautafanya kazi kwa kibodi. USB lazima upande mmoja uwe mwenyeji, ndo unaotoa umeme na kuuliza maswali, mwingine unajibu tu. Ukichomeka kalkuleta kwenye kompyuta, kompyuta ndo mwenyeji. Ukitaka kalkuleta iwe mwenyeji unahitaji waya wa OTG wa mini. Plagi ya mini ina pini tano, ile ya nne kwenye waya wa kawaida inaning'inia tu, kwenye waya wa OTG imeunganishwa na ya tano ambayo ni graundi, hapo kalkuleta ndo inajua "aha mi ndo mkubwa hapa". Waya wa hivyo kwa maduka ya hapa mjini utauzunguka sana, agiza Kariakoo wakutumie na basi.

kijana_wa_CIVE
Fundi kaeleza vizuri upande wa waya, mi niongezee upande wa programu maana hapo ndo penye kazi. TI-84 Plus ilitoka 2004, ndani ina prosesa ya Z80 ya megahezi 15, na tundu lake kweli lina uwezo wa kuwa mwenyeji, ila mfumo wake wenyewe haujui kibodi wala mausi ni nini. Ukichomeka tu kimya, hakuna kitakachotokea.

Kuna jamaa anaitwa Dan Englender aliandika draiva (programu ya kuendeshea vifaa) inaitwa usb8x, ipo kwenye tovuti ya ticalc.org, hiyo ndo ilifanya kalkuleta iongee na vifaa vya USB. Mausi yenyewe sio kitu kigumu, kwa ile njia rahisi inatuma baiti tatu tu, ya kwanza inasema kitufe gani kimebonywa, ya pili imeenda kulia au kushoto kiasi gani, ya tatu juu au chini. Kibodi inatuma baiti nane. Kwahiyo kuzisoma kunawezekana. Tatizo ni kwamba ukishazisoma zinaenda wapi? Ile skrini unayopigia hesabu haina mshale, mausi itasogea ila haina cha kuonyesha mpaka utumie programu iliyoandikwa kwa ajili ya mausi.

Na betri mwalimu. Hiyo inatumia AAA nne, ukiiambia ilishe na mausi yenye taa muda wote zitaisha upesi sana.

Mwl_Hesabu_Dom
Asante sana wote. Kijana wa CIVE niulize kiualimu, yaani nikiweka hiyo usb8x nikachomeka kibodi, dogo akiandika 2+3 akapiga enta, 5 inakuja?

kijana_wa_CIVE
Hapana mwalimu, sio hivi hivi. Lazima mtu aandike programu ya kuchukua herufi za kibodi na kuziingiza kwenye mfumo kama vile zimebonywa. Inafanyika ila ni kwa asembli, lugha ngumu ya kuongea na prosesa ya Z80 moja kwa moja, sio kitu cha wikiendi moja.

Mzee wa Mpwapwa
Nimesoma nikakumbuka kitu. Texas Instruments wenyewe waliwahi kutengeneza kibodi ya kalkuleta, haikutumia USB, ilichomekwa kwenye lile tundu la duara la milimita 2.5, lile la kuhamishia programu toka kalkuleta moja kwenda nyingine. Watu walikuwa wanaandikia maelezo kwa programu inaitwa NoteFolio. Siku hizi haitengenezwi, labda upate iliyotumika. Na kabla ya hapo, 1995, walitoa TI-92 yenye herufi zote kama kompyuta, vitufe vimetawanyika kidogo, ila ikakataliwa kwenye baadhi ya mitihani hukohuko Marekani kwasababu ya hiyo kibodi.

Lile tundu la duara lina waya mbili za mawasiliano na graundi, na kibodi za zamani za PS/2 nazo zina waya mbili, moja ya saa na moja ya data, ndo maana wapo waliounganisha moja kwa moja wakaandika programu ya kusoma. Lakini tundu lile halitoi umeme wa kulisha kibodi, utafute volti 5 pembeni.

Sasa mwanangu mwalimu, nikuulize kama mzee mwenzako wa chaki. Tatizo ni kalkuleta haina kibodi, au tatizo ni kidole kinagusa vitufe viwili? Maana kama ni la pili dawa yake ipo na haina waya. Nenda kwa seremala, au kwa mtu anayekata plastiki za mabango, apime uso wa kalkuleta akate kibao chembamba chenye tundu juu ya kila kitufe. Kibao kinakaa juu, mkono unalala juu yake bila kubonyeza kitu, kidole au kijiti kinaingia kwenye tundu moja tu. Vibao hivi vinatumika sana kwenye kibodi za watu wenye shida ya mikono.

Dada_Kisasa
Mzee wa Mpwapwa umenigusa. Naomba niseme jambo ambalo halijasemwa, mwalimu usije ukamzoesha huyo mtoto TI-84 halafu siku ya mtihani akaikosa. NECTA (Baraza la Mitihani) wanaruhusu kalkuleta zisizoweza kuprogramiwa tu, imeandikwa mpaka kwenye karatasi ya mtihani, na TI-84 inaprogramiwa. Kwahiyo kile kibao kikatwe kwa saizi ya kalkuleta yake ya kawaida ya mtihani, na mkuu wa shule awaandikie mapema NECTA kueleza hali yake na kuomba kibali cha hicho kibao, asisubiri mwaka wa mtihani ufike.

kijana_wa_CIVE
Kweli dada. Kwa darasani sasa, mi ningegeuza swali. Badala ya kupeleka kibodi kwenye kalkuleta, peleka kalkuleta kwenye kibodi. Kuna programu ya bure inaitwa Wabbitemu, inaigiza TI-84 Plus ndani ya laptopu, unaona kalkuleta yote kwenye skrini, unabofya vitufe vyake kwa mausi au unatumia kibodi. Unahitaji kunakili mfumo wa hiyo kalkuleta yako mwenyewe kwa waya wa mini wa kawaida, huo wa kamera aliosema fundi. Ukitaka grafu tu, GeoGebra ni bure na ukishaiweka kwenye kompyuta haihitaji bando.

Mwl_Hesabu_Dom
Wakuu narudi na mrejesho. Waya wa mini nimeupata kwa jirani mwenye kamera ya zamani, Wabbitemu imekubali kwenye laptopu ya ofisi ya walimu. Dogo kachora y = x² − 4 kisha akatafuta pale inapokata mhimili wa x, −2 na 2, mwenyewe, bila mimi kugusa. Kwa mausi amefanya vizuri kuliko kibodi. Seremala wa Chang'ombe kachukua vipimo vya kalkuleta yake ya mtihani, na barua mkuu wa shule ameipokea vizuri.

Kimebaki kimoja, kwenye kibodi ya laptopu bado anashikilia kitufe muda mrefu inaandika 7777, na vya jirani vinaingia. Kuna namna?

Fundi wa Majengo
Ipo mwalimu. Kwenye Windows shikilia Shift ya kulia sekunde nane, itakuuliza kama uwashe Filter Keys, kubali. Ingia kwenye mipangilio yake, ukiongeza muda wa kusubiri basi kitufe kilichoguswa kidogo kinapuuzwa, kile alichokishikilia kwa makusudi ndo kinaingia, na kurudiarudia unakuzima hapohapo. Anza na muda mfupi uongeze taratibu, ukiweka mrefu sana atachoka kusubiri. Na kama kuna hela kidogo mtafutie kibodi ya nje yenye namba upande wa kulia, vitufe vyake ni vikubwa na vimeachana kuliko vya laptopu, aiweke upande wa mkono wake wa kushoto.